Kiti kinachocheza si "kitu kidogo"

Watu wangu wa Garissa, leo naongea na nyinyi mnaoendesha na mnaopanda gari za zamani. Probox, Noah, Land Cruiser za enzi ya wazee wetu, na zile Hiace za kwenda Dadaab na Masalani. Msimamo wangu ni huu: gari ambayo kiti chake kinacheza sakafuni haifai kubeba mtu mpaka itengenezwe. Si "tukirudi safari". Na kutengeneza si kufunga kiti na blada.

Najua mtaniambia, "Kijana, hii gari imebeba watu miaka yote hii, kiti kikicheza kidogo unashikilia tu." Sawa. Hebu tuangalie hiyo "kidogo" inabeba nini.

Kwenye gari nyingi, ile kufuli unayochomeka mkanda imefungwa kwenye kiti chenyewe, si kwenye bodi ya gari. Kwenye matatu ndio kabisa, mara nyingi mkanda wote unashikwa na fremu ya kiti. Mguu wa kiti ukiachia, umefungwa mkanda kwa kitu ambacho kinaruka pamoja na wewe. Tangu sheria za Michuki zianze kufanya kazi mwaka wa 2004, tumezoea polisi kuchungulia dirishani aone kama abiria wamefunga mikanda. Mimi bado sijaona anayeinama kuangalia bolti chini ya kiti.

Piga hesabu kidogo. Mtu wa kilo 70, gari iko kilomita 50 kwa saa, inagonga na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mwili wake unavuta mkanda kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani moja. Tani moja! Na hiyo ni kilomita 50. Kwenye lami ya kwenda Nairobi, nani anaenda 50?

Huku kwetu miguu ya viti inaharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni barabara. Ukitoka kwenye lami, njia ina mawimbi kama bati, gari inatetemeka saa nzima. Chukua kipande cha waya ukikunje huku na huku, utaona kinakatika bila nguvu nyingi. Ndivyo sakafu inavyopasuka kuanzia kwenye tundu la bolti. Ongeza kiti cha watu watatu kilichobeba wanne, na ufa unaenda mbio.

Ya pili ni maji. Watu wanadhani kutu ni shida ya Mombasa peke yake. Mmesahau mafuriko ya mwishoni mwa 2023, barabara ilipokatika upande wa Madogo? Gari ikishaingia maji, karpeti inakauka juu lakini sponji iliyo chini yake inakaa na unyevu muda mrefu. Wewe unaona gari safi, kumbe sakafu inaliwa polepole.

Sasa, kazi yenyewe inafanywaje? Sakafu ya gari ndogo ni bati jembamba, kama milimita moja tu. Ukichomelea mguu wa kiti moja kwa moja juu ya bati lililooza, umechomelea kwa karatasi. Fundi anayejua kazi yake anatoa kiti na karpeti kwanza. Anatoa waya wa betri. Anaingia chini kuangalia kama bomba la mafuta au la breki limepita hapo, maana moto wa kuchomelea haujui tofauti. Anakata bati bovu mpaka afike kwenye chuma kizima. Kama kuna ufa, anatoboa tundu dogo mwisho wake ili usiendelee, ndio auzibe. Halafu anaweka chini ya sakafu kipande cha chuma kizito, kama milimita tatu, kipana kuliko kiganja cha mkono, ili uzito usambae badala ya kuvuta tundu moja. Bolti iwe ngumu, yenye namba 8.8 au zaidi kichwani, na washa pana. Bolti yenyewe isichomelewe, kwa sababu moto unailegeza ugumu wake. Mwisho anapaka rangi ya kuzuia kutu, juu na chini.

Ufa ukiwa umefika kwenye chesisi, hiyo si kazi ya barabarani tena. Peleka kwa mtu wa bodi.

Na tusimlaumu fundi wa jua kali peke yake. Mara nyingi anajua hayo yote. Ni mwenye gari anayemwambia, "Nishikie tu nifike Dadaab." Halafu huyo huyo, wiki inayofuata, ameweka spika mpya na taa za kumetameta. Kipande cha chuma, bolti nne na kazi ya siku moja, hiyo ndiyo pesa imekosekana? Gari ikilala gereji siku moja kuna hasara, hilo nakubali. Lakini hiyo hasara ni ya mwenye gari. Kiti kikiruka, hasara ni ya mama aliyempakata mtoto.

Kwa hivyo abiria, nguvu iko kwako kabla hujalipa. Kabla ya kukaa, shika mgongo wa kiti utingishe mbele na nyuma. Kiti kizima hakisogei chini. Ukisikia "koh-koh", au ukiona kamba, blada au kipande cha mbao kimesukumwa chini, muulize dereva kwa heshima: "Adeer, hiki kiti kimeshikwa na nini?" Jibu likiwa la kuzungushwa, shuka, subiri gari nyingine. Utachelewa, ndiyo. Watu watano wakishuka asubuhi moja, hicho kiti kitatengenezwa kabla ya adhuhuri.

Madereva wangu, njooni hapa chini mniambie: mara ya mwisho kuinua karpeti ya gari yako ukaangalia chini ilikuwa lini?