Radi Inakuja na Vuli: Wito kwa Wana Nyashimo

Wana Nyashimo, na ninyi ndugu zangu wa Lamadi, Mkula, Ngasamo, Kiloleli na vijiji vyote vya Busega: mvua za vuli haziko mbali, na huku kwetu mvua haiji bila radi. Kila mmoja wenu ameshuhudia. Mawingu yanajikusanya upande wa ziwa, upepo unageuka ghafla, mabati yanaanza kupigapiga, kisha mwanga mweupe unapenya hadi chini ya mlango na kishindo kinafuata papo hapo. Mara transfoma ya mtaani inalipuka, cheche zinamwagika, mtaa mzima giza. Kukipambazuka tunahesabu televisheni na friji zilizoungua, tunamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyekufa, tunaendelea na shughuli zetu. Naomba mwaka huu tusiishie hapo.

Tarehe 27 Januari 2025 radi iliua wanafunzi 7 wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, na kujeruhi wengine makumi. Oktoba 2018, watoto 6 wa Shule ya Emaco Vision mjini Geita walikufa kwa radi. Juni 2011, kule Kiryandongo nchini Uganda, Shule ya Msingi Runyanya ilipoteza watoto 18 na mwalimu wao kwa pigo moja. Watoto hawa hawakuwa porini wakichunga, wala hawakuwa wamepanda mti. Walikuwa shuleni, mahali tunapowapeleka wenyewe kila asubuhi tukiamini wako salama.

Geita na Kiryandongo si mbali na sisi kama tunavyodhani, maana anga letu ni moja. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo unavuma kutoka ziwani, mawingu yanapanda juu ya vijiji na radi inapiga alasiri, wakati watoto wangali madarasani au njiani kurudi nyumbani. Usiku mambo yanageuka: upepo unatoka nchi kavu kuelekea ziwani, unakutana katikati ya maji, na ngurumo zinahamia huko waliko wavuvi wa dagaa na taa zao. Ndiyo maana Ziwa Victoria linahesabiwa miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Kule Kabare, mashariki mwa Kongo, setilaiti zimehesabu miale zaidi ya 200 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba, na hakuna sehemu nyingine ya Afrika inayofikia hapo.

Wengi wetu tunaamini radi huua yule tu iliyemshukia kichwani. Sivyo. Ikipiga mti au ardhi, umeme wake unasambaa ardhini pande zote, na mtu aliyesimama jirani unampanda mguu mmoja na kumtokea mguu mwingine. Wafugaji wanaujua ushahidi wake: ng'ombe wamejikinga mvua chini ya mkwaju, radi inapiga mti, kundi zima linalala. Miguu ya mbele ya ng'ombe iko mbali na ya nyuma, na moyo uko katikati ya njia ya umeme. Kwenye miamba yetu ya Usukuma hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mwamba haupitishi umeme vizuri kwenda chini, nao unatambaa juu juu. Ndivyo ilivyo hata darasani. Jengo la tofali na bati lisilo na njia ya kuushusha umeme ardhini halimkingi mtoto aliyeegemea ukuta au aliyekaa sakafuni.

Ombi langu la kwanza, basi, ni shule zetu zifungwe vizuia radi. Kifaa chenyewe hakina maajabu. Juu ya paa kunasimamishwa fimbo ya chuma au kutandazwa nyaya, kutoka hapo waya mnene wa shaba unateremshwa ukutani bila kukunjwakunjwa, na chini unaunganishwa na nondo za shaba zilizopigiliwa ardhini kwa kina. Jengo kubwa linahitaji nyaya za kushuka zaidi ya moja. Siri yote iko pale chini pasipoonekana. Fundi apime kwa mita ukinzani wa ardhi, na kipimo kinachotakiwa ni ohmu 10 au pungufu. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa hupitisha umeme vizuri, lakini kiangazi unapasuka na kukauka. Mchanga wa luseni na mwamba vinataka nondo nyingi zaidi. Asipopima, anabahatisha juu ya maisha ya watoto, na kamati ya shule isimlipe.

Tumechangia madawati, tumesomba mawe na mchanga kujenga madarasa, na maabara tumezijenga kwa nguvu zetu. Hili nalo tunaliweza. Wenye nyumba za ibada pia wasikilize, maana waumini nao hukaa mamia chini ya paa moja.

Sasa transfoma. Ule mlipuko unaotushtua usiku mara nyingi una sababu ya kawaida kabisa. Radi ikipiga laini, hata mbali na hapa, msukumo mkubwa wa umeme unakimbia kwenye nyaya hadi kwenye transfoma. Pale juu ya nguzo pamefungwa vifaa vya kuudaka msukumo huo na kuupeleka ardhini kupitia waya wa shaba unaoshuka na nguzo. Waya huo ukikatwa, msukumo unakosa pa kwenda. Unatoboa kinga za ndani, cheche zinachemsha mafuta ya transfoma hadi yanakuwa gesi, tangi linapasuka na mafuta yanamwagika yakiwaka. Na nani anakata waya huo? Mwizi wa shaba. Anapata pesa kidogo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na kijiji kinabaki gizani, zahanati bila friji ya chanjo. Wanaonunua shaba hiyo wanaishi kati yetu. Tusiwafiche. Ukiona waya umening'inia au umekatwa, piga TANESCO namba 180. Waya wa umeme ukianguka chini, usiusogelee hata kama unaonekana umekufa, wafukuze watoto na mifugo, na ukijikuta uko karibu ondoka kwa hatua fupi fupi, miguu ikiburuzwa pamoja. Moto ukizuka, Zimamoto ni 114, na maji yasimwagwe kwenye umeme.

Majumbani, mpe kazi fundi mwenye leseni ya EWURA, na kabla hajaondoka akuonyeshe nondo ya ardhi ilipopigiliwa. Chomoa vifaa ngurumo zikiwa bado mbali. Zikishafika, usishike waya wala bomba.

Ukisikia ngurumo tu, ujue radi inaweza kukufikia. Mwalimu, simamisha mpira hata kama timu yenu imebakiza bao moja, ingiza watoto ndani, wakae mbali na kuta na madirisha, na msitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Gari lenye bodi ya chuma na vioo vilivyofungwa ni kinga nzuri. Bodaboda si kinga, wala mwembe, wala kibanda cha nyasi, wala raba miguuni. Nanyi wavuvi, sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kusukuma mtumbwi. Dagaa watakuwepo kesho.

Na likitokea la kutokea, hapa ndipo ninapoomba kwa moyo wote mnisikilize. Mtu aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mshike. Kumfukia kwenye udongo hakutoi kitu, kunampotezea tu dakika alizonazo. Radi husimamisha moyo na pumzi, na mara nyingi moyo unaweza kuanza tena wenyewe ilhali pumzi bado zimekwama, hivyo anayeonekana amekufa ndiye wa kuanza naye, kabla ya anayelia. Mlaze chali mahali salama, weka viganja viwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kizame sentimita 5 kwa mtu mzima. Kila baada ya mibonyezo 30 mpulizie pumzi mbili mdomoni huku umembana pua. Wengine watafute gari. Mkichoka pokezaneni, msiache. Wauguzi wa zahanati zetu wanaweza kuwafundisha walimu na bodaboda jambo hili katika alasiri moja.

Limebaki moja ambalo ni zito. Baada ya msiba wa radi, minong'ono huanza: nani kaituma? Macho yanamgeukia bibi fulani anayeishi peke yake. Usukuma imepoteza vikongwe wengi mno kwa tuhuma za uchawi, akina mama waliozeeka macho yakawa mekundu kwa moshi wa kuni. Radi haitumwi na mtu. Inatoka kwenye wingu, inatafuta njia ya ardhini, na inapiga nyumba ya mcha Mungu kama inavyopiga ya mlevi. Viongozi wa dini, wazee wa ukoo, semeni hivyo msibani, kwa sauti, siku ile ile, kabla kijana yeyote hajashika panga. Atakayekaa kimya atakuwa na sehemu yake katika damu itakayomwagika.

Wazazi, kikao cha shule kinachofuata msiende kusikiliza tu. Muulizeni mwalimu mkuu, diwani na mtendaji: kizuia radi cha shule yetu kiko wapi, na kilipimwa lini? Kama kipo, wawapeleke mkakione. Kama hakipo, msifunge kikao kabla hamjaandika jina la atakayelifuatilia Halmashauri pale Nyashimo, na tarehe ya kuleta majibu.