Nakuru ipewe viwanja vyake vidogo vya ndege
Mwaka 1937, ndege za Imperial Airways zilizotua majini zilianza kutumia Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru ya sasa, zikiwa safarini kati ya Uingereza na Afrika Kusini. Abiria wa Nairobi walishuka hapo, wakamalizia safari kwa barabara. Huduma hiyo ilikoma mwaka 1950.

Leo kaunti hiyo ina viwanja vidogo vya ndege vya Naivasha na Lanet. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliiachia serikali ya kitaifa usafiri wa angani. Kaunti zikapewa barabara zao, maegesho na feri.

Hata hivyo, Kifungu cha 187 kinaruhusu serikali hizo kuhamishiana majukumu kwa makubaliano. Kitumiwe! Kanuni za usalama zibaki za kitaifa, lakini kufyeka nyasi, kutunza ua na kuziba mashimo ni kazi za mashinani. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari: hewa ni nyepesi, ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia, hivyo kila sehemu yake lazima itunzwe.

Nchini Marekani, kaunti nyingi humiliki viwanja vya aina hii. Nakuru nayo ikabidhiwe kazi hiyo pamoja na bajeti yake, ili ndege ya kumchukua mgonjwa mahututi ipate pa kutua salama.