Huzuni si Ugonjwa wa Wazungu

Kuna neno linalosikika Bukavu, sokoni Kadutu na hata mlangoni mwa kanisa: kwamba kuugua kwa huzuni ni mambo ya Wazungu, Mwafrika hana ugonjwa huo. Wanaolisema wadhani ni hekima ya kwetu. Wasomaji wapendwa, hebu tuwaonyeshe ni nani aliyeliandika vitabuni kabla yao.

Daktari J. C. Carothers aliongoza hospitali ya wenye wazimu ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hata 1950. Aliwahesabu wagonjwa wake, akaona wenye huzuni kuu ni wachache, akakata shauri kwamba ugonjwa huo ni haba kwa Mwafrika. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu chake juu ya akili za Mwafrika, na humo alitufananisha na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Na hayo yaliitwa elimu! Frantz Fanon aliyashambulia mwaka 1961. Mengine ya Fanon hatuyafuati, lakini hapo alisema kweli.

Tazameni kosa lenyewe. Nani alipelekwa Mathari? Ni yule aliyepiga watu, aliyechoma nyumba, aliyetembea uchi njiani. Mama aliyekaa kimya karibu na jiko lililozimika, halali, hali, nani angempeleka? Daktari hakumwona, basi akasema hayupo. Mwaka 1979 Orley na Wing walitoa habari za vijiji 2 vya Uganda, ambako watu waliulizwa kwao kijijini: wanawake wagonjwa wa huzuni walikuwa wengi kuliko wanawake wa mtaa mmoja wa London.

Nasi, tuliozika watu bila hesabu tangu vita vya 1996, bado twasema kwa kinywa cha Carothers? Binti akinyamaza miezi mitatu, huitwa mvivu, kisha mwenye pepo. Wengine humpeleka katika chumba cha maombi, akafungwa kamba, akanyimwa chakula ili pepo atoke. Hatulaumu sala, sisi pia twasali. Lakini aliyevunjika mguu huombewa na kufungwa banzi pia. Kwa nini huyu apewe kamba?

Watawa Ndugu wa Mapendo wana hospitali ya wagonjwa hao, SOSAME, papa hapa Bukavu. Wakubwa wa vyumba vya maombi waijua njia yake. Watuambie wamepeleka huko wagonjwa wangapi.