Pasipoti ya Wakala Haimrudishii Mchimbaji Mzigo Wake

Mtu wa Kahama, Katoro au Geita mjini anayetaka kununua kitu mtandaoni hukwama kabla hata ya kufikia bei: muuzaji hatumi mzigo nje ya nchi yake. Taobao na 1688, masoko ya mtandaoni ya China yanayosifika kwa bei nafuu, yalijengwa kwa ajili ya wanunuzi wa ndani. Maelezo kwa kawaida ni ya Kichina, malipo mara nyingi hupita Alipay au WeChat, na wauzaji wengi huishia kufikisha mzigo ndani ya China. Wauzaji wengi wa eBay nchini Marekani nao hawavuki mipaka yao. Jumia, iliyokuwa ikimuuzia Mtanzania hapa hapa nyumbani, ilifunga shughuli zake nchini Novemba 2019. Kwa hiyo nyundo za karasha, pampu ya kutolea maji duarani, yaani kwenye shimo la mchimbaji, na detekta ya kutafutia dhahabu hufika kanda hii ya machimbo kwa mkono wa mtu wa kati, yaani wakala wa mizigo.

Julai 2025 Serikali iliingia katika biashara ya mtu huyo wa kati. Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Selemani Jafo, alitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Ndani ya orodha hiyo umo usafirishaji wa vifurushi ndani ya nchi, uwakala wa biashara, uondoshaji wa mizigo forodhani, na hata uchimbaji mdogo wa madini wenyewe. Mgeni anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Amri ilishangiliwa sana. Kwa mnunuzi wa mtandaoni, hata hivyo, haina msaada wowote. Imeuliza wakala ni raia wa wapi, ikaacha kabisa kuuliza anawajibika kwa nani mzigo usipofika.

Watetezi wa amri wana hoja zao. Wafanyabiashara wazawa walilalamika kwa miaka kwamba wageni wenye mitaji mikubwa wanawabana hadi kwenye rejareja, na malalamiko hayo hayakuwa ya uongo. Wapo pia wanaosema soko hujisafisha lenyewe, kwamba wakala anayedhulumu hukimbiwa na wateja. Hilo huenda ni kweli Kariakoo, ambako mteja anaweza kwenda kusimama mlangoni kwa wakala hadi asikilizwe. Mchimbaji wa machimbo ya Mwakitolyo au Rwamgasa hajui hata mlango wenyewe uko mtaa gani.

Kiini cha tatizo kiko kwenye namna mzigo unavyosafiri. Wakala humpa mteja anwani ya godauni, mara nyingi Guangzhou au Yiwu, pamoja na alama ya kuandikwa kwenye katoni. Muuzaji hulipwa, hupeleka mzigo kwenye godauni hilo, na kuanzia hapo kwake kazi imekwisha. Programu ya soko la mtandaoni inaonyesha mzigo umepokelewa, na ni kweli umepokelewa, ila si na aliyeununua. Godauni hupima ujazo kwa CBM, yaani mita za ujazo, kisha katoni hupakiwa kwenye kontena moja na mizigo ya watu wengine wengi. Hati ya shehena ya meli hubeba jina moja la mpokeaji. Tamko la forodha Dar es Salaam hubeba TIN moja. Mteja hulipa bei ya jumla kwa CBM, ambayo huelezwa kuwa imejumlisha usafiri na ushuru, bila mchanganuo wowote.

Matokeo yake ni kwamba mwenye mali hayumo katika karatasi yoyote yenye nguvu. Kwa muuzaji wa China, yeye ni mteja aliyekwishapokea. Kwa kampuni ya meli na kwa forodha, hayupo. Kinachobaki mkononi mwake ni risiti ya wakala, ambayo kwa kawaida ina jina, namba ya simu, idadi ya katoni na ujazo, na mara nyingi chini yake kuna mstari unaosema ofisi haihusiki na upotevu au uharibifu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ndani ya katoni mna pampu, wala thamani yake. Katoni ikipotea, mdai hana cha kudai. Ikifika na pampu iliyopasuka, wakala husema ilitoka hivyo kiwandani, muuzaji husema ilipasukia njiani, na hakuna wa kumbishia yeyote kati yao.

Uraia wa wakala haubadilishi hata neno moja katika mlolongo huo. Mawakala wengi wanaohudumia kanda hii ni Watanzania tangu mwanzo, na godauni ambamo katoni hufunguliwa na kuchanganywa liko China, nje ya mkono wa amri yoyote ya Dodoma.

Linganisha na upande wa pili wa kazi ya mchimbaji huyo huyo. Tangu Machi 2019, soko la madini la Geita lilipozinduliwa, dhahabu yake hupimwa kwa gramu, huandikwa kwa jina lake, na mrabaha hukatwa mbele yake kwa risiti. Serikali inajua kilichotoka duarani. Mashine iliyokitoa, ambayo huenda ilinunuliwa kwa mkopo au kwa kuuza ng'ombe, iliingia nchini bila hata mstari mmoja wenye jina lake. Haivumiliki kwamba nchi iliyoweza kuweka utaratibu huo kwa kila gramu inayotoka imeshindwa kuuweka kwa kila katoni inayoingia. Wala uwezo haukosekani. Kanuni za Machi 2025 zilipiga marufuku kutaja na kulipa bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, na zinamgusa hata wakala anayepiga hesabu ya CBM kwa dola. Serikali iliyoweza kugusa bei ya wakala inaweza kugusa risiti yake. Haijataka tu.

Marekani, msafirishaji anayekusanya mizigo ya watu na kuipakia kwenye meli asizozimiliki hupewa leseni na tume ya shirikisho ya usafiri wa baharini baada ya kuweka dhamana ya dola 75,000, na dhamana hiyo ipo ili mwenye dai halali apate pa kulipwa. Tanzania ingeweza kuanza na kiasi kinacholingana na mitaji ya hapa. Kinachohitajika ni sharti la leseni, iwe ya BRELA au ya halmashauri: kila mteja apewe hati yake ndani ya shehena ya pamoja, yenye aina ya bidhaa, thamani iliyotamkwa na ushuru uliolipwa kwa ajili yake, na maneno ya kukana wajibu kwenye risiti yasiwe na nguvu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, tayari ina masharti juu ya anayekabidhiwa mali ya mwenzake na juu ya uwakala, lakini mdai hawezi kuitumia vizuri bila karatasi inayoonyesha alichokabidhi.

Kwa sasa mnunuzi hujitengenezea karatasi hiyo mwenyewe. Humtumia wakala kwa maandishi orodha ya vitu, bei na picha kabla ya kulipa, humtaka ajibu kwamba amepokea kwa thamani hiyo, na hutunza majibu pamoja na kumbukumbu za malipo ya simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa aina hiyo kupokelewa mahakamani kama ushahidi.