Gari la mkataba halina kosa, kosa ni kudanganya maili

Ndugu zangu mlioko Uingereza, kwenye magrupu yetu kuna kauli inarudiwa kila siku: gari la mkataba ni la wasiojua hesabu, mwenye akili ananunua kwa keshi. Mimi kazi yangu ni uhasibu. Nazungukia ofisi ndogo ndogo za Leicester, Coventry na Northampton, na hachibeki ya mkataba imenipeleka huko kwa miaka minne na maili 80,000. Kauli hiyo siikubali. Kinachowamaliza watu wetu si mkataba, ni ile namba ya maili wanayoiandika siku ya kusaini.

Kwanza tutofautishe, maana wengi wanachanganya. Kuna PCH: hii ni kukodi tu. Unalipa kila mwezi, muda ukiisha unarudisha, na gari halitakuwa lako. Halafu kuna PCP: unatoa malipo ya awali, unalipa kila mwezi, na mwisho kuna donge moja kubwa. Ukilipa donge hilo gari ni lako. Usipotaka, unarudisha. Mimi nilichukua PCP, na kwa mtu anayeishi hapa kwa viza ndiyo ninayoipendekeza. Sababu nitaieleza chini.

Hesabu yenyewe hii hapa. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo niliandika kila kitu tangu Machi 2021. Gari ni haibridi ndogo, ukubwa wa Yaris, ile tunayoiita Vitz nyumbani. Bei £16,500. Malipo ya awali £1,500, kisha £249 kwa miezi 48, na donge la mwisho £4,900. Maili nilizoandika ni 20,000 kwa mwaka, kwa sababu ndizo ninazoendesha.

Kwa miaka minne nililipa £13,452 kabla ya donge. Gawanya kwa maili 80,000, unapata peni 16.8 kwa maili. Sevisi mara mbili kwa mwaka, tairi kumi na mbili, diski na pedi za breki za mbele mara moja, betri moja na MOT ya kwanza: jumla £2,705, yaani peni 3.4. Petroli peni 11.4. Bima na kodi ya barabara peni 4.5. Jumla kuu ni peni 36 na kidogo kwa kila maili.

Hiyo peni 36 ndiyo bei ya gari. £249 siyo bei, ni namba ya kukuvuta usaini. Mtu akikuambia "nalipa mia mbili tu kwa mwezi", muulize anaendesha maili ngapi na aliandika ngapi.

Hapo ndipo penye mtego. Mkataba uleule, gari lilelile, ningeandika maili 8,000 kwa mwaka, malipo yangeshuka kama £45 kwa mwezi. Kwa miezi 48 hiyo ni £2,160 ya kuokoa, na mtu anayetuma pesa nyumbani anaiona kama ada ya shule ya mtoto. Lakini maili ya ziada kwenye mkataba wangu ilikuwa peni 8. Ningezidisha maili 48,000, na siku ya kurudisha gari ningedaiwa £3,840. Hasara halisi £1,680, tena inadaiwa kwa mkupuo, si kidogo kidogo.

Wajanja watasema: usirudishe, lipa donge, hakuna atakayekuuliza maili. Ni kweli, ukinunua gari faini ya maili haipo. Ila angalia donge lenyewe. Kwa maili chache kampuni inakadiria gari litakuwa na thamani zaidi, kwa hiyo donge langu lingekuwa karibu £7,300. Ningelipa £7,300 kwa gari la maili 80,000, na nisipokuwa nazo, mlango wa kurudisha una faini. Umejifungia pande zote mbili. Mimi nilipofika mwisho, Machi 2025, donge lilikuwa £4,900, na wauzaji watatu nilioenda kuwauliza walilithamini gari juu ya hapo. Nikalipa, nikabaki nalo. Leo sina malipo ya mwezi, na £249 ile inaenda kwenye akiba.

Sasa suala la viza. Mwenye viza ya kazi akipoteza mdhamini, kwa kawaida anapewa siku 60 kutafuta mwingine au kuondoka. Mkataba wa gari hausubiri siku 60. Kwenye PCH, kuuvunja kabla ya muda mara nyingi maana yake ni kulipa sehemu kubwa ya miezi iliyobaki, na gari hulipati. Kwenye PCP, sheria ya Consumer Credit Act ya 1974 inakupa haki ya kurudisha gari ukishalipa nusu ya jumla yote ya mkataba, donge la mwisho likiwemo kwenye jumla hiyo. Kama hujafika nusu, unalipa tofauti tu. Masharti: gari liwe limetunzwa, na uandike barua mapema, kabla mkopeshaji hajauvunja mkataba mwenyewe kwa sababu ya madeni.

Kwangu jumla ilikuwa £18,352, nusu yake £9,176. Nilifika hapo mwezi wa 31. Tarehe hiyo niliiandika ukutani jikoni tangu siku ya kwanza, na kila mwenye mkataba namshauri afanye hivyo. Halafu linganisha na tarehe ya viza yako. Kama viza inaisha kabla ya kufika nusu, mkataba huo ni mrefu mno kwako, hata kama unaupenda.

Kuna pesa nyingine ambayo watu wetu wanaiacha mezani. Dada zetu wa kazi za kea wanaendesha kutoka nyumba ya mzee mmoja hadi nyingine siku nzima kwa gari lao. Miaka yote ya mkataba wangu, kiwango cha HMRC kilikuwa peni 45 kwa maili 10,000 za kwanza za kazi, na peni 25 kwa zinazofuata. Mwajiri akikulipa pungufu ya hapo, unaruhusiwa kudai nafuu ya kodi kwa tofauti. Mfano: umeendesha maili 10,000 za kazi, mwajiri amelipa peni 25. Tofauti ni £2,000, na kwa mtu wa kodi ya asilimia 20 hiyo ni £400 ya kurudishiwa. Unaweza kurudi nyuma miaka minne ya kodi.

Angalizo mbili. Safari ya kutoka kwako hadi kituo chako cha kawaida cha kazi haihesabiki. Fundi wa ujenzi aliyeajiriwa na kupelekwa saiti ya muda, isiyozidi miezi 24, hiyo inaweza kuhesabika. Na bila kumbukumbu huna dai: tarehe, ulikotoka, ulikoenda, maili ngapi. Daftari la shule linatosha.

Je, wanaosema keshi ni bora wamekosea kabisa? Hapana. Ukiendesha maili 5,000 au 6,000 kwa mwaka, kwenda kanisani, msikitini, sokoni na kazini karibu, nunua gari la £3,000 kwa keshi na usiangalie nyuma. Mkataba hauna maana kwako. Hata mimi ningefanya hivyo.

Lakini kwa anayekula barabara, hesabu inageuka. Gari la £3,000 lenye maili 90,000 baada ya miaka miwili ya kazi linasoma 130,000. Klachi, gia, egzosi, vyote vinakuja bila taarifa. Na anayelipwa kwa kila ziara, gari likilala gereji siku tatu, siku tatu hizo hazina malipo, na mwezi huo mama nyumbani anaambiwa asubiri. Gari jipya linalofanyiwa sevisi kwa wakati halikupi utajiri, linakupa mwezi unaofanana na mwezi uliopita. Kwa mtu mwenye watu wanaomtegemea, huo uhakika una bei, na kwangu ulikuwa na thamani yake.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, fanya haya. Angalia odometa Jumatatu, iangalie tena Jumatatu inayofuata, zidisha kwa 48 ukiacha wiki za likizo, ongeza asilimia kumi. Hiyo ndiyo namba ya kuandika. Omba uandikiwe jumla yote ya kulipa, peni za maili ya ziada, na tarehe ya nusu. Leseni nayo uikague: leseni ya Tanzania au Kenya inakuruhusu kuendesha miezi 12 tu tangu uanze kuishi hapa, na baada ya hapo bila leseni ya Uingereza bima yako ni karatasi. Usisaini mkataba wa miaka minne ukiwa na leseni ya miezi mitano.

Mlioko Muscat na Dubai, sheria zenu ni nyingine na mnahesabu kilomita, lakini swali ni lilelile: kila kilomita inanigharimu kiasi gani, na nikiondoka kesho nitadaiwa nini? Muuzaji akishindwa kujibu yote mawili kwa maandishi, inuka uondoke. Magari hayaishi.