Lima sosi yako kwenye ndoo, wacha bei ya nyanya ikupite

Kama unajipikia, huu mchezo unaujua. Mwezi huu shilingi ishirini kwa mama mboga ni nyanya nne. Mwezi ujao hiyo ishirini ni nyanya moja, tena ndogo, tena imebonyea upande. Ukiuliza kwani kuna nini, mama mboga anakuangalia tu. Yeye pia amepandishiwa bei Marikiti alfajiri wewe ukiwa bado umelala.

Halafu msimu unageuka. Nyanya zinajaa kila kona, pikipiki zinapita mtaani na makreti, na huko Mwea mkulima anahesabu hasara kwa sababu bei imeanguka hadi gharama ya kuchuma hairudi. Sisi watu wa mjini tunafanya nini wakati huo? Tunanunua za leo, tunakula, tunasahau. Bei ikipanda tena tunarudi mtandaoni kulia.

Msimamo wangu ni huu. Kijana wa mjini mwenye veranda, hata ya mita moja, anafaa kuwa na ndoo kadhaa za nyanya za sosi, na anafaa kujua kuzihifadhi. Sisemi ulime ili utajirike. Ulime ili sufuria yako isiwe inaamuliwa na mvua ya Kirinyaga na bei ya mafuta ya lori.

Nasisitiza hilo la kutotajirika kwa sababu vijana wa nchi hii tumeuziwa ndoto za kilimo hadi tukachoka. Si unakumbuka mambo ya kware, mwaka 2013 na 2014? Watu waliacha kazi wakafuga ndege, mayai yakauzwa kama dawa, na ghafla kila mtu akawa muuzaji bila mnunuzi. Baada ya hapo zikaja semina za nyumba za plastiki: lipa kiingilio, chukua mkopo, utavuna mamilioni. Sikiza, mtu akikuonyesha hesabu ya nyanya yenye mamilioni na hajataja wadudu, huyo anauza semina.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwisha, kwa hivyo sina digrii ya kilimo ya kukuonyesha. Nina ndoo sita kwenye veranda ya orofa ya nne, na hesabu yangu ni ya sufuria tu. Mmea mmoja uliotunzwa vizuri kwenye ndoo unaweza kukupa kama kilo mbili. Ndoo sita ni kilo kumi na mbili. Nyanya moja ya aina hii ukiikadiria gramu 80, hizo ni nyanya 150. Ukitumia tatu kwa siku, umejilisha siku hamsini. Mamilioni hakuna hapo, lakini karibu miezi miwili hujauliza mtu bei.

Sasa, kwa nini nyanya za sosi na si nyanya yoyote?

Nyanya ni maji. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Ukichukua ile nyanya ya duara yenye maji mengi ukaichemsha iwe nzito, utachoma gesi hadi ukasirike. Nyanya za sosi zina umbo la yai, nyama nene, mbegu chache na maji kidogo. Hauhitaji kuagiza mbegu kutoka Italia. Nenda agrovet yoyote uulize Cal J au Rio Grande. Hizo ndizo wakulima wengi wamekuwa wakipanda hapa kwa miaka, na ni za aina hiyo hiyo. Roma pia iko.

Zina faida nyingine mbili kwa mtu wa keja ndogo. Kwanza, ni fupi. Hazipandi hadi darini kama zile za kwenye nyumba za plastiki. Zinafika kimo fulani, zinatulia, na matunda yake mengi yanaiva karibu wakati mmoja. Mtu wa kachumbari ya kila siku angelalamika, lakini wewe wa kupika sosi ndivyo unavyotaka. Pili, si chotara. Ukikamua mbegu za nyanya nzuri, ukaziloweka siku mbili tatu hadi ule utelezi utoke, ukaziosha na kuzianika kwenye sahani, umepata mbegu za msimu ujao bila kununua. Zile zilizoandikwa F1 kwenye pakiti ukizirudia hazitakupa nyanya ile ile uliyozoea.

Kazi yenyewe iko hivi. Tafuta ndoo za rangi za lita 20, zioshe kabisa, zitoboe matundu sita au saba chini. Changanya udongo mwekundu, samadi iliyooza vizuri na mchanga kidogo. Samadi mbichi itaunguza mizizi, usiharakishe. Otesha mbegu kwenye kikopo kwanza, na baada ya wiki nne hivi hamisha mche mmoja kwa kila ndoo. Mmoja! Najua mkono utawasha kuweka mitatu. Ukiweka mitatu utavuna majani. Fukia shina hadi karibu na majani ya kwanza, litatoa mizizi zaidi. Weka kijiti cha kuegemea. Kuanzia hapo hesabu kama miezi miwili na nusu hadi mitatu ndipo uanze kuchuma.

Jua ni lazima, saa sita kwa siku au zaidi. Kama veranda yako inaangalia ukuta wa jirani na jua linapita hapo dakika ishirini, usijidanganye, panda sukuma au dania. Nyanya itakupa urefu na maua machache, basi.

Kwa Nairobi, mimi naotesha Agosti baridi ikianza kulegea, ili nivune Novemba mwishoni na Desemba. Mimea inayokomaa katikati ya mvua ndefu, au kwenye ile baridi ya Juni na Julai, hupigwa na ukungu: madoa ya kahawia leo, na baada ya siku chache mmea mzima unaonekana kama umepitiwa na moto. Hapo veranda yenye paa inakusaidia kuliko shamba, kwa sababu mvua haigusi majani. Nawe usiyamwagie maji, mwagilia udongo. Kama uko Mombasa geuza kalenda, tumia hiyo miezi ya baridi, kwa sababu usiku wa joto kali huangusha maua.

Mwagilia kila siku kwa kiasi. Ukikausha ndoo siku tatu halafu ukaifurisha, nyanya zitaoza kitako, zile zenye doa jeusi chini. Wengi hudhani ni mdudu, lakini ni maji yasiyo na mpangilio yanayonyima tunda kalsiamu.

Mdudu mwenyewe yupo, na jina lake ni Tuta absoluta. Asili yake Amerika Kusini, na aliripotiwa hapa Kenya mwaka 2014. Wakulima wa Tanzania walimbatiza kantangaze, kana kwamba anamwambia mkulima nenda ukanitangaze. Viwavi vyake vinatoboa ndani ya jani na kuacha mabaka meupe, kisha vinaingia kwenye tunda. Mwenye ekari anapigana naye kwa dawa wiki baada ya wiki. Wewe mwenye ndoo sita una silaha ambayo yeye hana: macho. Kila asubuhi geuza majani, ukiona hayo mabaka kata jani, lifunge kwenye karatasi ya plastiki, tupa mbali. Dakika tano. Muda huo unaupoteza kwenye simu kabla hata hujatoka kitandani.

Nasikia maswali. La kwanza ni maji. Ni swali la haki. Joto likiwa kali, kila ndoo inaweza kunywa lita moja hadi mbili kwa siku. Kama ploti yenu maji yanafika siku mbili kwa wiki na mengine unanunua kwa mtungi, ndoo sita zitakula faida yote. Anza na mbili. Tumia maji ya kuoshea mchele na mboga, yale yasiyo na sabuni.

La pili ni landilodi. Wengine hawataki hata kuona kamba ya nguo, seuze shamba. Mwambie kabla hujapanda, weka kitu chini ya ndoo maji yasimdondokee wa chini, na usizirundike zote kwenye ukingo wa veranda. Ndoo yenye udongo mbichi ni nzito. Ikianguka kutoka orofa ya nne, hiyo si habari ya kilimo tena.

La tatu: "Mimi sina veranda." Sawa, basi ruka kulima, lakini usiruke kuhifadhi. Nyanya zikishuka bei, fanyeni chama. Watu wanne, kreti moja, jiko moja, Jumapili moja. Tunajua kuchangiana kwa matanga, harusi na nyama choma. Kwani nyanya imetukosea nini?

Sasa tuingie jikoni, maana kulima bila kuhifadhi ni kurudi kule kule: zinaiva zote, unagawia majirani, nyingine zinaoza, umemaliza.

Osha nyanya, zitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, ngozi itatoka yenyewe. Katakata, weka kwenye sufuria pana bila kifuniko, moto mdogo, koroga. Kifuniko kinarudisha maji unayojaribu kuyaondoa. Ikipungua hadi nusu, hiyo ni sosi nzuri ya mchuzi. Usilazimishe iwe nzito kama ya kopo. Kufikia uzito ule unahitaji karibu kilo tano au sita za nyanya kupata kilo moja, na gesi itakumaliza. Kama una jiko la makaa, tumia yale yanayobaki baada ya kupika maharagwe.

Mwenye friji yenye sehemu ya barafu amemaliza kazi. Acha ipoe, paki kwenye vifuko vidogo, kila kimoja cha mlo mmoja, gandisha. Inakaa miezi. Isiyogandishwa itumie ndani ya siku chache.

Asiye na friji, tafadhali soma hapa polepole. Usijaze sosi moto kwenye chupa ya jemu, ukafunga, ukaiweka kabatini ukiomba Mungu. Ndani ya chupa isiyo na hewa anaweza kukua bakteria anayetoa sumu ya botulizimu, na sumu hiyo huwezi kuiona wala kuinusa. Inaua. Uchachu wa nyanya pekee hautoshi kukulinda. Wanaoifanya hii kazi sawasawa huongeza robo kijiko cha chai cha asidi ya sitriki kwa kila chupa ya nusu lita, wanatumia chupa na vifuniko maalumu, kisha wanazichemsha zikiwa zimezama kabisa ndani ya maji. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwa hivyo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na muda unapanda hadi dakika 45. Vitunguu, saumu na pilipili hoho haviingii humo, utaviongeza siku ya kupika. Kama huwezi kufuata yote hayo, usifuate nusu.

Njia yako wewe ni jua. Pasua nyanya katikati, toa mbegu, nyunyiza chumvi, zipange kwenye wavu au sinia safi, funika kwa neti nzi wasiguse, anika. Usiku ingiza ndani. Nyama nene ya Cal J inakauka vizuri kuliko zile za maji. Siku kadhaa za jua kali na zinakuwa kama ngozi, hazitoi maji ukizibana. Zihifadhi kwenye mkebe mkavu. Siku ya kupika loweka kidogo, katakata, tupa kwenye kitunguu kinachokaangwa. Utamu wake umekolea kuliko nyanya mbichi ya Julai.

Najua kuna watakaosema hii ni kuwaambia vijana wazoee shida badala ya kudai barabara nzuri, masoko yenye vyumba vya baridi na viwanda vya kusindika huko nyanya zinakolimwa. Hapana. Hivyo tudai, kwa sauti. Ni aibu nyanya kuozea shambani msimu mmoja na msimu unaofuata tunaiuza kama dhahabu. Lakini kudai ni kazi ya miaka na njaa ni ya saa moja usiku. Mtu anaweza kufanya yote mawili, na mwenye sosi kabatini anadai akiwa ameshiba.

Kwa hivyo ukipita karibu na agrovet wiki hii, ingia, ulizia pakiti ndogo ya Cal J. Tafuta ndoo mbili kwa fundi wa rangi. Anza na hizo.