Lamine Camara: kutoka Diouloulou mpaka Monaco, nani alikula nini?

Walioangalia CHAN ya Algeria mwanzo wa 2023 hawajasahau. Senegal ilikuwa kundi moja na Leopards yetu, ikatupiga 3-0, sisi tukarudi nyumba. Wao wakaendelea mpaka fainali, wakabeba kombe kwa penalti mbele ya Algeria wenyewe. Katika ekipe ile kulikuwa kijana wa miaka 19, Lamine Camara, mutoto wa Diouloulou, kule Casamance.

Mwezi wa tatu akabeba tena kombe la Afrika la vijana chini ya miaka 20, kule Misri. Mwaka ule ule Metz ya Ufaransa ikamuchukua. Oktoba 2023, kwenye uwanja wa Monaco, akaona mulinzi wa goli amesogea mbele, akapiga mupira kutoka mbali sana, karibu na katikati ya uwanja: goli. Metz ilipoteza mechi, lakini Monaco walikuwa wamemuona. Januari 2024, CAN ya Côte d'Ivoire, akaingiza magoli mawili mbele ya Gambia (majirani wa kwao kabisa, mupaka uko karibu na Diouloulou). Metz ikashuka divisheni, na mwaka ule ule wa 2024 Monaco ikamununua. Magazeti ya Ufaransa yalitaja karibu euro milioni 15.

Sasa tuzungumze feza, maana njo pale hii habari inatugusa sisi watu wa mungodi.

Kabla ya Metz, Camara alikuwa Génération Foot, shule ya mupira karibu na Dakar. Tangu 2003 ile shule iko na mapatano na Metz: Metz inasaidia, na vijana wazuri wanapitia mulango wake. Sadio Mané alipita pale. Ismaïla Sarr na Pape Matar Sarr vilevile. Metz inapokea kijana ambaye hana jina bado, inamuchezesha, kisha inamuuza kwa bei ya kweli. Sisi tunajua hii kazi. Mwenye kushuka ndani ya shimo anauza gunia kwa bei ya negosian. Bei ya kweli inaandikwa mbali, kwenye karatasi ambayo haoni.

Lakini mupira uko na sheria moja ambayo inafaa kujulikana. Muchezaji akiuzwa na kontra yake haijaisha, 5 kwa mia ya bei inatolewa na kugawanywa kwa ekipe zote zilizomufundisha kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 ni robo moja ya 1 kwa mia. Kuanzia 16, nusu ya 1 kwa mia. Tufanye hesabu juu ya milioni 15: mwaka mumoja wa utoto ni euro 37.500, mwaka mumoja baada ya 16 ni 75.000. Toka 12 mpaka 18 yote pamoja ni 375.000. Kwa klabu ya mutaa, ile si feza kidogo, ni uwanja na viatu vya batoto kwa miaka mingi. Kwa milioni 15, ni makombo.

Na hata haya makombo, zamani yasingefika. Metz na Monaco zote ziko katika ligi ya Ufaransa. Mpaka katikati ya 2020, muchezaji akiuzwa ndani ya inchi moja, FIFA haikulazimisha kulipa ekipe ya inchi ingine iliyomulea. Tangu Julai 2020 inalazimisha. Mimi naona hii ni mabadiliko makubwa kupita zawadi nyingi za CAF, ingawa Camara mwenyewe alipata ya kijana bora wa Afrika mara mbili, 2023 na 2024.

Ni kama redevansi ya madini kwetu. Kodi ya 2018 inasema 15 kwa mia ya redevansi iende kwa sekta, shefferi ao komini ambamo madini inatoka. Sheria iko. Lakini bale benye kufuatilia makaratasi njo banaiona. Wengine wanasikia tu kwenye redio.

Katika mupira, karatasi inaitwa lisansi. Tangu mwisho wa 2022 FIFA iko na nyumba ya kulipia kule Paris, inayosoma kitambulisho cha muchezaji: mwaka gani, ekipe gani. Mwaka usioandikwa haulipwi. Ni batoto wangapi Kolwezi, Likasi ao Kipushi wanacheza tangu miaka 10 bila lisansi, ao wanaandikiwa miaka ya uongo? Ekipe inayofanya vile inachoma feza yake yenyewe.

Na mama, baba: akija mutu kusema atapeleka mutoto Bulaya, anaomba dola mia tano za "test", mukumbuke FIFA inakataza kuhamisha mutoto inchi ingine kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache sana. Camara aliondoka akiwa na 19. Aliyekulipisha wewe hakutafuta muchezaji. Muulize kwanza lisansi ya mutoto iko wapi, na mushike kopi yake nyumbani.